Pilipili ni Mgeni: Kufukua Sahani ya Samaki wa Kupaka

Menyu nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, hupenda kumwelezea samaki wa kupaka kama pishi la kale lisilobadilika. La kale, sawa. Lisilobadilika, hapana! Leo nataka tuichukue sahani hii moja tuifukue tabaka kwa tabaka, jinsi wanaakiolojia wanavyofukua mji, tuone nani alifika lini.

Kwa ambaye hajawahi kula, pishi lenyewe linakwenda hivi. Unamchukua samaki mzima, tuseme changu, unamchanja ubavuni, unampaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha unamchoma kwenye mkaa hadi akaribie kuiva. Pembeni unaandaa rojo: tui la kasimile, yaani lile zito la kwanza, linachemshwa taratibu na pilipili zilizotwangwa, ukwaju na manjano, huku unakoroga ili lisikatike. Likishakuwa zito unampaka samaki, unamgeuza, unampaka tena, mpaka rojo lishike na kuanza kuungua kidogo kingoni. Ndiyo maana ya "kupaka".

Tabaka la chini kabisa ni samaki na moto. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua miaka ya 1980 mji uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Kwenye majalala yake walikuta mifupa ya samaki kwa wingi, na sehemu kubwa ni ya samaki wa miambani na mikokoni: jamii ya changu, pono, tafi. Yaani walewale unaowakuta sokoni leo. Lugha nayo inatunza ushahidi wake. "Samaki" ni neno la Kiarabu, lakini "kupaka", "kuchoma" na "kubanika" (kumbana samaki kwenye kijiti kilichopasuliwa na kumweka motoni) ni Kibantu kitupu. Waliokuwa wakichoma hawakusubiri meli ya mtu yeyote.

Juu yake linakuja tabaka la nazi. Utafiti wa vinasaba vya minazi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia imegawanyika katika koo mbili kubwa, ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Ya Madagaska, Komoro na pwani yetu ina mchanganyiko wa koo zote mbili. Maelezo yanayoeleweka zaidi ni kwamba mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, wale ambao wazao wao wanazungumza Kimalagasi hadi leo, walikuja na mbegu zao. Kwa hiyo tui nalo lilipanda chombo.

Ukwaju una kichekesho chake. Waarabu waliuita "tamr hindi", tende ya India, na jina hilo ndilo lililoenea Ulaya. Kumbe mti wenyewe ni wa Afrika! Ulivuka kwenda India zamani sana, ukapata umaarufu huko, ukarudi kwenye vitabu ukiwa na pasipoti ya kigeni. Kiswahili, kwa bahati nzuri, hakikudanganyika.

Sasa tufike kwenye pilipili, maana hapa ndipo watu wengi huniambia, "Lakini pilipili ni yetu, jina lenyewe la Kiswahili." Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Alichokula Mogadishu alikieleza vizuri: wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni achari ya malimau, maembe, tangawizi mbichi na mashada ya "filfil" yaliyowekwa kwenye siki na chumvi. Ukikutana na tafsiri inayosema zile zilikuwa pilipili kali nyekundu, kataa. Kwanza, mashada: pilipili manga huota kwa mashada kama zabibu ndogo, pilipili kali haioti hivyo. Pili, mwaka 1331 hapakuwa na hata punje moja ya pilipili kali nje ya Amerika. Huko wenyeji walikuwa wanaila kwa zaidi ya miaka 6,000, ila ilivuka Atlantiki baada tu ya safari ya Columbus ya 1492. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, Wareno wakaiteka Goa 1510, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593. Pilipili kali ilisafiri na mtandao huo.

Na jina? "Pilipili" lina mizizi India, kwenye neno la Kisanskriti "pippali", likapitia Uajemi na Uarabuni. Lilikuwa jina la ile nyeusi. Mgeni kutoka Amerika alipofika alipewa jina la mwenyeji, akaenea kuliko mwenyeji, hadi mwenyeji mwenyewe ikabidi aongezewe utambulisho: pilipili *manga*, yaani ya Uarabuni, manga lilelile la komamanga. Jina limepokonywa kweupe. Ndugu yake "piri-piri" yuko Msumbiji na Ureno hadi leo.

Mimi nadhani jina halikuhama kwa uzembe. Mwaka 1997 timu ya David Julius huko Marekani ilitambua kipokezi cha neva kinachoitwa TRPV1, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel 2021. Kipokezi hiki hushtuka kwenye joto la takriban nyuzi 43 za Selsiasi na kuendelea, na pia kikiguswa na kapsaisini, kemikali ya pilipili kali. Ndiyo maana unahisi unaungua wakati hakuna kinachoungua. Piperini ya pilipili manga nayo hugusa kipokezi hichohicho, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa ulimi, basi, ni kitu kilekile kilichoongezewa makali. Nani asingekiita pilipili?

Kuna na sababu ya kiuchumi. Pilipili manga ililetwa kwa jahazi kutoka pwani ya Malabar, na ilinunuliwa kwa pesa. Pilipili kali huota hata kando ya ua bila kuulizwa. Kipokezi cha ndege hakishtushwi na kapsaisini, kwa hiyo wanakula pilipili kichaa na kudondosha mbegu popote. Kiungo cha matajiri kikapata mpinzani wa bure.

Na ilipokutana na tui, ikapata mwenza. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Mafuta ya nazi yanaichukua na kuisambaza, ukali unakuja polepole na mpana badala ya kukupiga sehemu moja. Jaribu kutwanga pilipili zilezile ukachanganya na maji na ndimu tu, utaona tofauti.

Kwa hesabu hiyo, rojo tunalolijua lina umri wa karne nne au tano hivi. Samaki ana zaidi ya elfu moja, na yeye ndiye anayenitia wasiwasi. Mwaka 2011 Tim McClanahan na Johnstone Omukoto walilinganisha mifupa ya kale ya pwani ya Kenya, ya kati ya miaka 750 na 1400, na samaki wanaovuliwa sasa. Siku hizi nyavu hubeba zaidi samaki wa maisha mafupi wanaokua haraka. Wale wa kukua taratibu na kuishi miaka mingi, waliokuwa wa kawaida kwenye majalala ya zamani, wamepungua. Pilipili unaweza kuipanda kwenye kopo na ukavuna baada ya miezi michache. Chewa mkubwa anahitaji miaka, na mwamba ulioachwa upumue.

Ukienda nyumbani, muulize bibi yako changu wa kupaka alikuwa anajaa sinia au alikuwa anaingia kwenye sahani.