Vyombo vya Kukanyagwa kwa Miguu na Wakulima wa Ziwa Dongting

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Chetu Kikuu, habari za mizani, maghala na malipo zimekwisha kuelezwa na wenzetu. Sisi tumepewa ukurasa wa historia, nasi tumechagua vyombo vya majini viendeshwavyo kwa miguu. Sababu ni kwamba wanachama kadhaa wakaao kando ya ziwa wameuliza kama mtumbwi wa kukanyagwa wafaa kuchukulia mazao. Swali hilo ni la kale sana, na wakulima wana sehemu kubwa katika historia yake.

Mguu una nguvu kupita mkono. Apigaye kafi hutumia mabega na mgongo, naye huchoka upesi. Akanyagaye hutumia misuli ya mapaja, na mikono yake hubaki huru kushika usukani au wavu. Wakulima wa China walilijua jambo hili shambani. Kwa karne nyingi walipandisha maji ya mito hata mashamba ya mpunga kwa mnyororo wa vibao uliozungushwa kwa kukanyaga, watu wawili watatu wakisimama bega kwa bega na kuegemea mti. Majini nako, katika miaka ya 780, mwana wa ukoo wa kifalme aitwaye Li Gao aliunda merikebu za vita zenye magurudumu mawili ya makafi, yakizungushwa kwa nyayo za watu.

Lakini habari iliyo kubwa ni ya Ziwa Dongting, katika jimbo la Hunan. Mwaka 1127 dola ya Song ilipoteza nchi ya kaskazini kwa Wajin, na mzigo wa kodi na uporaji ukawaangukia watu wa kusini. Mwaka 1130 wakulima na wavuvi wa Dongting waliasi chini ya Zhong Xiang, wakitaka tajiri na maskini wawe sawa. Zhong Xiang aliuawa mwaka ule ule, na Yang Yao akashika uongozi. Serikali iliwapelekea merikebu za magurudumu zilizoundwa na fundi seremala Gao Xuan. Waasi waliziteka, na pamoja nazo wakamteka fundi mwenyewe! Kwa maoni yetu mateka huyo alikuwa na thamani kuliko merikebu zote, maana baada ya hapo waasi hawakuhitaji kuteka tena, waliunda. Gao Xuan aliwatengenezea merikebu za ghorofa, nyingine zenye magurudumu zaidi ya 20 na kuchukua mamia ya watu. Magurudumu yalifichwa kwa mbao ubavuni, hata adui akaona chombo kikienda mbele na nyuma bila tanga wala kasia.

Kwa miaka kadhaa hawakushindika majini. Hata mwaka 1135 akaja jemadari Yue Fei. Yeye hakuunda merikebu kubwa zaidi. Alifunga vijito kwa magogo, akamwaga miti iliyooza na majani yaelee juu ya maji, kisha akawatuma watu wakawatukane waasi mahali penye kina kifupi. Waasi walifuata kwa hasira, magugu yakasokotana katika magurudumu, merikebu zikasimama. Yang Yao aliuawa. Serikali nayo haikuyatupa maarifa ya wale iliowashinda: mwaka 1161, pale Caishi katika mto Yangtze, merikebu za kukanyagwa zilisaidia kuwarudisha nyuma Wajin.

Ya baadaye twayapitia upesi. Mwaka 1877 mashua za bata maji za kukanyagwa zilianza kutembeza watu katika bustani ya Boston, Marekani. Mwaka 1994 Waingereza wawili, Jason Lewis na Steve Smith, waliondoka Ureno katika chombo cha mbao kiitwacho Moksha, chenye pedali na rafadha, yaani panga boi la majini. Wakafika Miami baada ya siku 111. Na mwaka 1997 kampuni ya Hobie ya Marekani ilitoa kayaki isiyo na rafadha kabisa. Pedali zake huchezesha mapezi mawili chini ya chombo, mfano wa mabawa ya pengwini aogeleapo, na mapezi hayo yaweza kulazwa bapa penye maji machache.

Sasa twarudi kwa wenzetu waliouliza. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 Ziwa Victoria lina gugumaji, na hila ya Yue Fei hutendwa na upepo bila jemadari. Rafadha ikizungukwa na mizizi ile, miguu ya mwanachama haitaifungua; atashuka majini na kisu. Mapezi hupita vyema zaidi, ila bei yake ni kubwa, na kayaki ni nyembamba mno kwa magunia. Twawashauri, kabla ya kuagiza chombo chochote, waandike kwa mwaka mzima ni siku ngapi bandari yao hufungwa na gugumaji, wakalete daftari hilo katika mkutano mkuu.