Karani na Wenye Kugonga Mulango: Sheria ya Dawa katika Inchi ya Amerika

Watu wengi wanafikiri kwamba Amerika inatawaliwa na Prezida na baraza la wateule, ndilo Kongresi, basi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kando yao kuna nguvu mbili zisizochaguliwa kwa kura. Ya kwanza ni vikundi vya watu wenye faida moja: wenye viwanda, wakulima, waganga, wafanyakazi. Ya pili ni makarani wa serikali katika mabiro yao. Historia ya sheria ya dawa inaonyesha vizuri namna nguvu hizi mbili zinavyopigana na namna zinavyosaidiana.

Tangu mwaka wa 1791, Katiba ya Amerika inawapa watu ruhusa ya kukusanyika na kupeleka maombi yao kwa serikali. James Madison alikwisha kuandika katika mwaka wa 1787 kwamba vikundi haviwezi kuondolewa bila kuondoa uhuru wenyewe. Afazali viwe vingi, ili kimoja kisimeze vingine.

Mwisho wa karne ya 19, dawa nyingi ziliuzwa zikiwa na pombe ao afyuni ndani, wala mununuzi hakujua. Harvey Wiley, mukubwa wa wataalamu wa kemia katika wizara ya kilimo tangu 1883, alitafuta sheria. Mwaka wa 1902 alianza kuwalisha vijana 12, waliojitoa kwa mapenzi yao, vyakula vilivyotiwa dawa za kuzuia kuoza, apate kujua kama zinaumiza mwili. Lakini wenye viwanda vya dawa na vya pombe walikuwa na rafiki katika Kongresi, na miswada ilikufa mwaka kwa mwaka. Vikundi vingine, yaani vyama vya wanawake na vya waganga, ndivyo vilivyomupa Wiley nguvu. Tarehe 30 Juni 1906, Prezida Theodore Roosevelt akatia mukono wake.

Sheria ile haikumulazimisha mwenye kiwanda kuonyesha, mbele ya kuuza, kwamba dawa yake haiui. Mwaka wa 1937 dawa moja ya maji, iliyochanganywa na sumu, iliua watu zaidi ya 100, na kati yao walikuwa watoto. Ndipo sheria ya 1938 ikaamuru kila dawa mpya ipite kwanza mbele ya biro ya vyakula na dawa.

Mwaka wa 1960 muganga Frances Kelsey alianza kazi katika biro ile. Mara akapewa maombi ya kompani moja iliyotaka kuuza talidomidi, dawa ya usingizi iliyouzwa Ujerumani tangu 1957. Sheria ilimupa siku 60. Asipopinga, dawa inauzwa. Aliona ushuhuda hautoshi, akarudisha maombi. Kompani ikaleta mengine, na siku 60 zikaanza upya. Wajumbe wake walipiga simu, walikuja wenyewe, walimushitaki kwa wakubwa wake. Yeye aliuliza tu, tena na tena. Mwisho wa 1961 ikajulikana kwamba dawa ile inaharibu watoto tumboni mwa mama zao. Katika inchi nyingine maelfu walizaliwa na mikono ao miguu isiyo kamili. Amerika walikuwa wachache tu. Mwaka wa 1962 Kongresi ikakaza sheria: dawa ionyeshe vilevile kwamba inaponyesha.

Je, makarani ni wema na vikundi ni vibaya? Hapana. Mwaka wa 1988 watu walikusanyika mbele ya biro ile kwa ajili ya wagonjwa wa sida, wakilalamika kwamba wanakufa wakingoja. Walikuwa na haki, na njia ya dawa zao ikafupishwa. Tena sheria ya 1992 ikaamuru kompani zilipe pesa ili biro ipate wachunguzi zaidi. Kazi ikaenda mbio, lakini ulizo likabaki: karani anayelipwa kwa pesa ya mwenye kuomba, atamukatalia kwa moyo huru?

Mwenye kiwanda anaweza kugonga mulango wa serikali. Wagonjwa wakiungana, wanaweza vilevile. Lakini mutoto aliye tumboni hana chama wala mujumbe. Kazi ya karani ni kumukumbuka yule asiyeweza kugonga.