Kipande cha Mkonge: Mkataba Ulioishia Jela

Kijana wa Kasulu aliyetia dole gumba kwenye mkataba wa kukata mkonge, akafika Tanga, akashindwa kazi na kutoroka, hakuhesabiwa kuwa mdaiwa. Alihesabiwa mhalifu. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji, iliyotungwa na serikali ya Kiingereza ya Tanganyika mwaka 1923, ilimruhusu hakimu kumtoza faini au kumtia ndani kwa kuacha kazi kabla ya muda. Jambo ambalo mahakama ya madai ingelimaliza kwa fidia liligeuzwa kuwa jinai, na wakazi wa nyanda za juu za Kigoma walilijua hilo vizuri.

Kilichowapeleka Tanga kilikuwa kodi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikazuka, Wabelgiji wakaikalia Buha, nchi ya Waha, kuanzia 1916 hadi walipowaachia Waingereza mwaka 1921. Waingereza walikuta watu wengi na kilimo cha chakula kinachojitosheleza, lakini zao la biashara la maana hakuna. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa mashambani, mamia ya kilomita upande wa mashariki. Kasulu (ambayo wakati huo ilijumuisha Buhigwe, iliyokuja kuwa wilaya mwaka 2012) na Kibondo zikawa ghala la vibarua. Waha wakawa manamba, yaani vibarua wa mkataba.

Mshahara haukuhesabiwa kwa mwezi wa kalenda. Kila mtu alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, iliyotakiwa kukamilishwa ndani ya siku 42. Siku ilitiwa alama pale tu mkataji alipomaliza mafungu ya majani aliyopangiwa. Aliyeugua malaria, au aliyepewa shamba lenye majani mafupi, angeweza kushika panga tangu alfajiri na jioni akose alama. Mkataba ulitimia kwa idadi ya vipande, kwa hiyo mtu aliyehesabu mwaka angeweza kukuta mkataba umerefuka zaidi ya alivyotarajia.

Je, angeshtaki wapi? Hapa ndipo historia hii inapochukiza hasa. Nyumbani kwake mahakama zilikuwapo. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliyapa mabaraza ya watawala wa jadi, wakiwamo Mwami wa Heru huko Buha na watwale walio chini yake, mamlaka ya kusikiliza madai ya mahari, mifugo na mashamba. Mawakili hawakuruhusiwa, na rufaa ilipanda kwa maofisa wa utawala hadi kwa Gavana, si kwa Mahakama Kuu. Lakini mabaraza hayo hayakuwa na mamlaka juu ya Mzungu. Muha angeweza kumdai jirani yake mbuzi na kushinda. Meneja wa shamba aliyemkata siku 6 za kipande hakugusika pale. Ilimlazimu kwenda kwa ofisa wa wilaya, yaani serikali ile ile iliyomdai kodi na iliyotaka mashamba yasikose watu.

Idara ya Kazi iliundwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, ikaanza kukagua mashamba, kambi na njia za wasafiri. Ilidumu miaka mitano. Bei ya mkonge ilipoanguka wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, idara ikavunjwa mwaka 1931 ili kubana matumizi. Adhabu za kutoroka kazini zikabaki. Uchaguzi huo unaeleza mengi.

Tena Waingereza hawakuwa na kisingizio cha kutojua. Kwao Uingereza, Bunge lilikuwa limeifuta jinai ya mfanyakazi kuvunja mkataba mwaka 1875: mwajiri alibaki na haki ya kudai fidia, basi. Karibu nusu karne baadaye, kilichoonekana cha aibu Lancashire kilitungiwa sheria mpya kwa ajili ya Kasulu na Kibondo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuziondoa adhabu hizo polepole mwaka 1939, na mwingine wa kuzifuta mwaka 1955.

Katikati ya hayo wenye mashamba walijipanga vizuri zaidi. Mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyokusanya watu wa Kigoma na mikoa mingine na kuwasafirisha hadi Tanga na Morogoro. Miaka ileile ya 1940 ikaleta sheria ya fidia kwa walioumia kazini, na hiyo haikuwa zawadi ndogo: mashine ya korona, inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa, haikuchagua kati ya jani na mkono.

Sheria ya Ajira ya 1955, iliyoanza kutumika mwaka 1957, ilipunguza sana adhabu za jinai na kuyarudisha mengi ya mahusiano ya kazi kwenye uwanja wa madai. Profesa Issa Shivji, aliyeichambua historia hii ya sheria na tabaka la wafanyakazi hadi 1964, ameonyesha jinsi sheria ilivyosaidia kumtengeneza kibarua wa kikoloni. Baada ya uhuru vyama vya wafanyakazi na kima cha chini cha mshahara vilibadili hesabu za mashamba, na SILABU ikafungwa katikati ya miaka ya 1960.

Katiba ilichelewa. Hati ya haki za binadamu iliingizwa mwaka 1984, lakini mahakama zilizuiwa kuitumia hadi Machi 1988. Humo imo haki ya ujira unaolingana na kazi na katazo la kazi ya shuruti, na ibara ya 30 inamruhusu mwananchi kufungua shauri Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Buhigwe, Mahakama Kuu kwa miaka mingi ilimaanisha Tabora.

Siku hizi mkondo wa vibarua umegeuka. Warundi huvuka Manyovu na Mabamba kulima maharage na mahindi ya Waha, wengi kwa makubaliano ya mdomo. Asiye na kibali anajua kwamba akilalamika, huenda ofisi ya kwanza kumhoji ikawa Uhamiaji. Kwa madai ya ujira, kanuni za 2007 zinampa mlalamikaji siku 60 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hesabu hiyo huendelea hata mwenye shamba anaposema asubiri mavuno yauzwe kwanza.