Neno Lililotoka Newala

Ukipata homa mtaani kwetu kila mtu ni daktari. "Malaria hiyo," watakwambia, hata kabla hujapimwa. Kumbe homa si moja. Malaria huletwa na vimelea, taifodi huletwa na bakteria, na zipo homa za virusi, vidudu vidogo mno ambavyo darubini ya zahanati haivioni. Leo tuongee juu ya homa moja ya virusi na jina lake.

Mwaka 1952, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, ugonjwa ulizuka upande wa Newala, kwenye nyanda za juu za Wamakonde. Homa ilikuja ghafla. Viungo viliuma hata mtu mzima akashindwa kusimama wima. Wanakijiji hawakuwa na maabara, lakini macho walikuwa nayo, na lugha pia. Wakauita chikungunya, yaani ule unaomkunja mtu.

Mwenezaji alikuwa nyumbani mwao. Kule juu maji ni ya shida. Yalichotwa mbali mabondeni, yakawekwa ndani mitungini, na mbu aina ya Aedes hupenda kutaga kwenye maji kama hayo. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha habari za mlipuko huo mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza jinsi virusi vyenyewe vilivyopatikana. Wote hao waliandika kwa Kiingereza, ila jina walilikuta limeshatungwa.

Mwaka 1959 ikawa zamu ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Homa nyingine ya viungo, virusi ndugu na vile vya Newala, nayo dunia inaiita kwa neno la Kiacholi: o'nyong'nyong.

Chikungunya ikavuka bahari. Mwaka 2005 na 2006 iliwapata karibu theluthi ya wakazi wa kisiwa cha Réunion. Na vitabu vingine vikaandika eti neno hilo ni Kiswahili. Hapana jamani! Ni Kimakonde. Tusikae kimya tukapokea sifa ya jirani.

Sisi tunaojifunza kuandika tunakimbilia maneno makubwa. Wanakijiji wa Newala walimtazama mgonjwa anavyotembea, wakasema walichokiona. Leo daktari wa Paris na wa Delhi wanalitamka neno lao. Je, wewe mwenye kalamu, leo umemtazama nani?