Mwandiko wa Jeanette: Barua na Watu wa Karibu wa Heinrich Schenker

Heinrich Schenker (1868–1935), mwananadharia wa muziki aliyeishi Vienna, huelezwa mara nyingi kama mtu aliyefikiri peke yake. Maelezo hayo yana msingi: hakuwahi kushika wadhifa wa chuo kikuu, aliishi kwa kufundisha wanafunzi binafsi, na maandishi yake yamejaa ukali dhidi ya wanamuziki wa zama zake. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba barua na shajara zake zinaonesha kazi ya watu wengi, na kwamba ni watu hao walioinusuru nadharia yake.

Wa kwanza ni Jeanette, aliyefunga naye ndoa mwaka 1919. Schenker alisema kwa imla, naye akaandika. Sehemu kubwa ya shajara, rasimu za barua na za vitabu imo katika mwandiko wake. Jambo hili lina uzito wa kimbinu: anayetafuta sauti ya Schenker anasoma maneno yaliyopitia mkono wa mtu mwingine, ilhali majalada ya vitabu yana jina moja tu.

Barua zenyewe zina mahusiano ya namna mbalimbali. Kwa mpiga piano Moriz Violin, Schenker aliandika kama kwa ndugu. Kwa mchapishaji Emil Hertzka, mvutano kuhusu jarida la Der Tonwille ulifikia mawakili. Anthony van Hoboken, mwanafunzi Mholanzi mwenye mali, aligharimia wazo ambalo mwalimu wake asingeliweza kulitekeleza: mwaka 1927 ilianzishwa, katika Maktaba ya Taifa ya Austria, hazina ya picha za miswada ya watunzi. Schenker alikuwa amesisitiza kwa miaka mingi kwamba mhariri wa muziki sharti arejee kwenye mwandiko wa mtunzi. Fedha za mwanafunzi ziliigeuza kanuni hiyo kuwa taasisi.

Schenker, Myahudi aliyeutukuza muziki wa Kijerumani na kuyadharau mataifa mengine, alifariki Januari 1935. Der freie Satz ilichapishwa mwaka huohuo. Baada ya Wanazi kuitwaa Austria Machi 1938, watu wake wa karibu walitawanyika. Ernst Oster alichukua sehemu ya nyaraka hadi Marekani, nazo sasa zimo katika Maktaba ya Umma ya New York. Sehemu nyingine Jeanette aliikabidhi kwa Erwin Ratz. Baadaye ilimfikia Oswald Jonas, na leo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Riverside. Jeanette mwenyewe alibaki Vienna. Mwaka 1942 alipelekwa Theresienstadt, alikofia Januari 1945.

Hivyo basi, nyaraka hizi zipo kwa sababu aliyeziandika alizitoa nje ya hatari ambayo yeye mwenyewe hakuiepuka. Historia ya nadharia ya Schenker inayomtaja Jeanette kama mke tu inaacha nje mmoja wa waliomwezesha Schenker kusomwa hadi leo.