Simba wa Tsavo Waliohamia Afrika Kusini

Mwaka 1898 simba wawili waliwala vibarua waliokuwa wakijenga daraja la reli kwenye mto Tsavo, katika njia ya kutoka Mombasa kwenda Uganda. Ngozi zao leo ziko kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Hadithi yao nayo ilisafiri. Mwaka 1996 Hollywood iliitoa kama filamu, The Ghost and the Darkness, lakini nyasi na vichaka tunavyoviona humo si vya Tsavo. Filamu ilipigwa zaidi katika hifadhi ya Songimvelo, Afrika Kusini, na kodi za Kenya zilitajwa kuwa sababu.

Si filamu hiyo peke yake. Eye in the Sky ya mwaka 2015 inasimulia shambulio la ndege isiyo na rubani jijini Nairobi, na Nairobi hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini. Hotel Rwanda ya 2004 ilipigwa kwa sehemu kubwa Johannesburg. Mogadishu ya Black Hawk Down ni mji wa Salé, jirani na Rabat, Moroko. Msiba au maajabu yanatokea kwetu. Seremala, fundi umeme, dereva na mama lishe wanaolipwa ni wa kwingine.

Ndiyo maana kila baada ya muda hapa Afrika Mashariki linaibuka wazo lilelile: na sisi tuwape wageni nafuu ya kodi, waje. Silikatai wazo hilo, ila naona linajadiliwa kana kwamba ruzuku ya filamu ni kitu kimoja. Mataifa yaliyotangulia yameifanya kwa desturi tofauti kabisa, na gharama zake zinatofautiana kama desturi zenyewe.

Tuanze Marekani, ambako hesabu zimeanikwa juani. Louisiana ilianzisha nafuu kubwa ya kodi kwa filamu mwaka 2002, na kufikia 2010 majimbo 43 yalikuwa na mpango wa namna hiyo. Georgia ndiyo iliyokwenda mbali kuliko yote. Chini ya sheria yake ya 2008, kampuni inayotumia angalau dola 500,000 jimboni hupata nafuu ya asilimia 20 ya matumizi hayo, na asilimia 10 nyingine ikiweka nembo ya jimbo, lile tunda la pichi, kwenye filamu. Kikomo cha jumla hakikuwekwa.

Lakini kampuni ya California haidaiwi kodi ya maana huko Georgia. Nafuu ya kodi usiyodaiwa inakufaa nini? Hapo ndipo ujanja ulipo: hati ya nafuu inauzwa. Tuseme prodyuza ametumia dola milioni 10 na kupewa hati ya milioni 3. Anaipeleka kwa dalali. Dalali anamtafutia kampuni au tajiri wa Atlanta anayedaiwa kodi kweli, naye anainunua, tuseme, kwa senti 90 kwa kila dola. Prodyuza anaondoka na milioni 2.7. Mnunuzi anaipeleka hati yake kwa mtoza kodi, anafutiwa deni la milioni 3. Hazina imepoteza milioni 3 kamili, na ile laki tatu ya katikati imeishia kwa watu ambao hawajawahi kushika hata waya wa taa.

Je, fedha hizo hurudi? Chukua penseli. Wakati mpango ulipokuwa ukinawiri, kodi ya mapato ya Georgia haikuzidi asilimia 6. Serikali ikisamehe senti 30 kwa kila dola iliyotumika, basi hata dola yote ikigeuka mshahara wa mkazi wa Georgia, mzunguko wa kwanza haurudishi zaidi ya senti 6. Ongeza kodi ya mauzo ya mizunguko inayofuata. Pengo linapungua, halizibiki. Na dola haigeuki yote mshahara wa mkazi. Sehemu nono hupanda ndege kurudi Los Angeles pamoja na nyota na mwongozaji, ambao malipo yao nayo yanahesabika katika matumizi yanayopewa nafuu. Ukaguzi wa serikali wa mwaka 2023 ulikadiria kuwa jimbo hurudishiwa takribani senti 19 kwa kila dola ya nafuu.

Watetezi wa mpango hujibu kwamba Hazina si duka, isipimwe kwa faida, pimeni ajira. Nawasikia. Katika mwaka wa fedha wa 2022 watengenezaji filamu walitumia dola bilioni 4.4 Georgia. Tyler Perry alinunua sehemu kubwa ya iliyokuwa kambi ya jeshi, Fort McPherson, akaigeuza studio kubwa iliyozinduliwa 2019, na huyo hakuja kuchuma na kuondoka. Swali linalobaki ni ajira hizo zimenunuliwa kwa bei gani, na fedha hizohizo zingefanya nini mahali pengine, maana karibu majimbo yote ya Marekani hayaruhusiwi kupanga bajeti yenye nakisi: dola aliyosamehewa prodyuza haipo kwenye shule. Michael Thom wa Chuo Kikuu cha Southern California alipolinganisha majimbo yenye ruzuku, aliona athari ndogo mno kwa ajira. Patrick Button wa Chuo Kikuu cha Tulane, akichunguza Louisiana na New Mexico, aliona filamu za sinema zikiongezeka ilhali ajira katika sekta nzima haikusogea kwa kiasi cha kuonekana.

Michigan ndiyo habari inayoniuma. Mwaka 2008, viwanda vya magari vikiwa vinaporomoka, jimbo lilitangaza nafuu iliyofika asilimia 42, miongoni mwa kubwa zaidi nchini. Watu waliokuwa wakipoteza kazi za General Motors waliahidiwa kazi za Hollywood. Katika mji wa Pontiac, majengo yaliyokuwa ya kampuni hiyo yakageuzwa studio kwa hati fungani za dola milioni 18, na mdhamini wa deni akawa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali. Disney ikapiga humo Oz the Great and Powerful. Lakini gavana mpya, Rick Snyder, alikuwa ameingia 2011 na kuweka kikomo cha dola milioni 25 kwa mwaka. Wageni wakageuza malori. Mwaka 2012 studio ilishindwa kulipa deni, mfuko wa pensheni ukalilipa, na 2015 mpango wote ukafungwa. Kumbe kilichojengwa kilikuwa kimesimama juu ya asilimia tu. Ilipoondolewa, hapakubaki cha kukishikilia. (Kwa Iowa sitakawia: huko ofisi ya filamu iligundulika 2009 kuwa imeruhusu magari ya kifahari yaingizwe kwenye matumizi yenye nafuu, na mpango ukasimamishwa.)

Vuka Atlantiki uone desturi nyingine. Ireland ilikuwa na studio ya Ardmore, kule Bray, tangu 1958, yaani mafundi walikuwapo kabla ya nafuu kuwa kubwa. Mel Gibson alipokuwa akitengeneza Braveheart, filamu kuhusu shujaa wa Uskoti, serikali ya Ireland ilimpa nafuu ya kodi na askari wa akiba wa kujaza medani ya vita. Ireland ikapata mishahara na ujuzi, halafu watalii wakamiminika kwenye mnara wa William Wallace, ulioko Uskoti. Hili mahesabu ya ruzuku hulisahau: faida ya utalii humfuata mwenye hadithi, na faida ya kazi humfuata mwenye kamera. Afrika Mashariki tumekuwa Uskoti mara nyingi, tena Uskoti yenye nauli ghali.

Jambo ninaloiheshimu Ireland kwalo ni jingine. Kwa miaka mingi nafuu yake ilipitia kwa wawekezaji binafsi, matajiri waliotia fedha kwenye filamu ili wapunguziwe kodi, na sehemu kubwa ya gharama ya serikali ikawa inabaki mifukoni mwao badala ya kufika kwenye filamu. Ni ile laki tatu ya Georgia, kwa vazi jingine. Kuanzia 2015 Ireland iliwaondoa katikati: nafuu ya asilimia 32 sasa humfikia prodyuza mwenyewe, na miradi hudaiwa mpango wa kufundisha ujuzi. Serikali ilitazama mfereji wake, ikaona unavujia wapi, ikaziba.

New Zealand ilipata kila kitu, na hata hivyo ikabaki inaomba. Mwaka 2010, kukiwa na mgogoro wa waigizaji, Warner Bros. iliashiria kwamba The Hobbit ingeweza kuhamishwa. Waziri Mkuu John Key akakutana na wakuu wa kampuni, nafuu ikaongezwa, na sheria ya kazi ikabadilishwa bungeni kwa haraka ili wafanyakazi wa filamu wahesabike kuwa makandarasi badala ya waajiriwa. Kumbuka: wakati huo nchi ile ilikuwa na mafundi walioshinda tuzo za Oscar kwa The Lord of the Rings. Ikiwa wao walisalimu amri, mwenye ardhi na jua tu atajitetea kwa silaha gani? Baadaye ikaja Amazon na mfululizo wake wa televisheni unaotokana na The Lord of the Rings. Msimu wa kwanza ulitumia huko mamia ya mamilioni ya dola, serikali ikiahidi kurudisha asilimia 20 na kuongeza 5. Agosti 2021 Amazon ikatangaza kuwa msimu wa pili utapigwa Uingereza. Kilichobaki kwa uhakika ni kijiji cha Hobbiton kwenye shamba la kondoo karibu na Matamata, ambacho mara ya kwanza kilijengwa kwa vifaa vya muda, kikajengwa upya kwa vifaa vya kudumu wakati wa The Hobbit, na sasa watalii wanalipa kukiingia.

Kwa Waafrika, mfano wenye kina zaidi ni Ouarzazate, Moroko. Atlas Studios ilianzishwa huko mwaka 1983 na mwenye hoteli, Mohamed Belghmi, aliyewaona watengenezaji filamu wakija jangwani na akafahamu kuwa wanahitaji zaidi ya vyumba. Kwa miaka 35 Moroko haikuwa na mpango wa kurudisha fedha. Ilikuwa na misamaha ya kodi ya ongezeko la thamani, jeshi lililokubali kukopesha watu na vifaa, na mji ambamo mpiga lipu anajua kuigeuza plasta ikawa Roma au Jerusalem kabla wiki haijaisha. Gladiator na Kingdom of Heaven zilikwenda hivyo. Mwaka 2018 Moroko iliweka marejesho ya asilimia 20, na 2022 ikapanda hadi 30. Mtu anaweza kuuliza: kama mafundi wanatosha, asilimia 30 ya nini? Jibu ni jirani. Wengine wanaposhindana kwa kupandisha, mwenye ujuzi naye hulazimika kulipa ili asibaki nje. Lakini Moroko ikiipunguza asilimia hiyo kesho, plasta ya Ouarzazate haitasahau kazi yake. Pontiac haikuwa na kitu cha namna hiyo.

Afrika Kusini, iliyowachukua simba wetu, imeonyesha udhaifu wa aina nyingine. Prodyuza hangojei marejesho akiwa amekunja mikono. Huipeleka ahadi ya serikali benki, akakopa juu yake, ndipo alipe watu. Ahadi ikichelewa kutimizwa, riba humla. Mwanzoni mwa 2025 watu wa filamu wa Afrika Kusini waliandamana hadi mbele ya Bunge, Cape Town, wakidai marejesho ambayo wengine walikuwa wameyasubiri miaka. Nchi yenye studio, mafundi na lugha ya biashara ikaanza kukimbiwa kwa sababu ya mlipaji mzito.

Nasi je? Desturi yetu ni ya kibali. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na marekebisho ya 2019 yanamtaka mtengenezaji wa kigeni aikabidhi Bodi ya Filamu nakala ya picha zote ghafi alizopiga na kuiruhusu serikali izitumie kuitangaza nchi. Naielewa hamu hiyo. Tumepigwa picha vya kutosha bila kupata chochote. Lakini tazama tulichokidai. Kati ya vyote ambavyo mgeni mwenye kamera anaweza kuacha, tumechagua picha zake, ilhali Ireland imechagua ujuzi wake.

Halafu kuna The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza mwandishi Peter Greenberg, na iliyozinduliwa Marekani Aprili 2022. Hapo serikali ilikuwa mwenyeji na mhusika mkuu. Watalii wa kimataifa walipanda kutoka 922,692 mwaka 2021 hadi 1,808,205 mwaka 2023, na wanasiasa wakaipa filamu sifa zote. Ila Kenya, ambayo rais wake hakuigiza filamu ya aina hiyo, nayo ilitoka chini ya milioni moja hadi karibu milioni mbili katika muda huohuo, kwa kuwa dunia ilikuwa inatoka kwenye Uviko. Huenda filamu ilisaidia. Hollywood nayo hudai hivyohivyo kila inapokwenda Atlanta. Aliyekuwa aje hata bila filamu haingii kwenye faida.

Tukitaka kuanza, tusianzie kwenye asilimia. Kiwango cha chini cha Georgia, dola 500,000, ni zaidi ya shilingi bilioni moja. Ukikinakili hapa umewafungia mlango karibu watengenezaji wote wa Bongo Movie, na kodi ya muuza nguo wa Kariakoo itakwenda kumsaidia Disney. Mimi ningeanza na kurejesha kodi ya ongezeko la thamani kwa tarehe inayojulikana, kwa mgeni na mwenyeji sawa, na kuvipitisha vifaa vya kamera bandarini na uwanja wa ndege kwa siku badala ya wiki. Ruzuku ya fedha, ikija, ilipe mishahara ya Watanzania, Wakenya na Waganda wanaoshika nafasi za juu katika kila idara ya filamu: msaidizi wa kwanza wa mpiga picha, mkuu wa taa, mchanganya sauti. Iwe na kikomo cha mwaka, na kila kampuni iliyolipwa ichapishwe jina na kiasi ilichopata, ili Mkaguzi Mkuu awe na cha kukagua.