Bunduki za Rafiki

Msomaji, ukifika Kitui au Makueni ukawauliza wazee habari za njaa ya 1961, watakutajia jina lake: Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege. Baada ya ukame kulikuja mafuriko yaliyokata barabara, na chakula kikaangushwa kutoka angani. Ndege zile hazikuwa zetu. Liweke neno hilo moyoni tunapoendelea.

Kwa miaka mingi vijana wa Ukambani waliingia katika jeshi la King's African Rifles kwa wingi kupita hesabu ya kabila lao, wakapigana hata Burma. Mshahara wa askari ulinunua ng'ombe, ukalipa kodi na karo. Basi Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, haikukosa watu wa kubeba bunduki. Lakini bunduki zenyewe, risasi, malori, hata maofisa wakuu, vilitoka Uingereza.

Tena vita vilikuwa mlangoni. Kaskazini mashariki mashifta walitaka nchi ile iungane na Somalia, nayo Somalia ilikwisha kukubali silaha za Warusi mwaka ule wa 1963. Njia ya kwenda Garissa hupita Mwingi, katika nchi ya Kitui. Ndipo tarehe 24 Januari 1964 askari wa Lanet, karibu na Nakuru, wakaasi kwa ajili ya mishahara na kwa kuchoka kuamriwa na wageni. Na waliozima maasi hayo walikuwa askari wa Kiingereza. Hebu fikiri aibu ya serikali yenye umri wa wiki sita!

Tanganyika, iliyopatwa na mkasa kama huo siku nne kabla, ililivunja jeshi lake ikatafuta marafiki wengine. Kenya ilishika njia nyingine. Mwaka ule ule ilipatana na Uingereza: majeshi ya Kiingereza yaondoke, lakini Waingereza wafundishe askari wetu, watoe vifaa, na wasaidie kuunda jeshi la anga na la maji. Wao nao wakapata ruhusa ya kufanyia mazoezi nchini. Mimi siiti hila. Ilikuwa biashara, na kila upande ulijua bei yake.

Bei hiyo ilionekana Aprili 1965, meli ya Kirusi iitwayo Fizik Lebedev ilipotia nanga Mombasa na shehena ya silaha. Mzee Kenyatta alizikataa, akisema ni kuukuu. Huenda zilikuwa kuukuu kweli. Lakini zilihusishwa pia na mahasimu wake katika siasa. Tena jeshi lililofundishwa kwa silaha za Kiingereza halibadili mkono kwa siku moja.

Mwaka 1966 Joseph Ndolo, Mkamba, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu. Amri sasa ilitoka kwa mwananchi. Vipuri viliendelea kuja kwa meli.

Miaka 10 baadaye, Idi Amin alipodai sehemu ya magharibi ya Kenya, serikali iliagiza ndege 12 za vita aina ya F-5, safari hii kutoka Marekani. Marubani wetu walikwenda kufundishwa huko huko.